Sheria ya dini au sheria moja kwa wote? Ndoa na mirathi Tanzania, Kenya na India

Chukua familia moja ya Tanzania Bara. Baba amefariki bila kuacha wasia. Wazazi wake walishatangulia, na ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Gharama za mazishi na madeni yakishalipwa, zinabaki shilingi milioni 72. Fungu la mjane huyu linaweza kuwa milioni 24, milioni 9 au sifuri. Kinacholibadilisha ni jibu la mahakama kwa swali moja: marehemu alikuwa chini ya sheria gani?

Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo tuliirithi kwa mkoloni na bado inatumika Bara, hasa kwa Wakristo wasioishi kimila: mjane theluthi moja, yaani milioni 24, na kila mtoto milioni 16, wa kike kwa wa kiume.

Kwa sheria ya Kiislamu: mjane thumni (sehemu moja ya nane), yaani milioni 9, kwa kuwa kuna watoto. Zinazobaki milioni 63 zinagawanywa mafungu matano. Kila mtoto wa kiume anachukua mawili (milioni 25.2) na binti moja (milioni 12.6).

Kwa sheria ya kimila ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, kama ilivyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963: mjane hana fungu kama kuna watoto au jamaa wa ukoo. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake. Mtoto wa kwanza wa kiume yuko daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume la pili na mabinti la tatu, na daraja la juu ndilo lenye fungu kubwa.

Kenya, kwa Sheria ya Urithi (Sura 160), mjane asiye Mwislamu anachukua vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali iliyobaki anaitumia kwa uhai wake wote, lakini hana ruhusa ya kuiuza apendavyo. Akifariki, watoto wanagawana sawa.

Mjadala wa sheria moja au sheria za dini ukipelekwa moja kwa moja kwenye imani, hesabu hizi hazionekani. Tukilinganisha nchi zilizojaribu njia hizi, idadi ya sheria huwa haitoi jibu. Yenye uzito ni mambo mawili: nani anakuweka chini ya sheria fulani na kama unaweza kutoka, kisha kima gani cha chini ambacho hakuna sheria yoyote inayoruhusiwa kushuka chini yake.

Nani anaamua wewe ni wa sheria ipi

Tanzania Bara jambo hili huamuliwa mara nyingi baada ya mtu kufa. Mahakama hutumia vipimo viwili: hali ya maisha ya marehemu na nia yake. Aliishi kwa mila za kabila lake au alijitenga nazo? Aliswali, alifunga ndoa wapi, alizikwa vipi, aliacha maneno gani? Vipimo hivi vina busara, ila vinaacha nafasi kubwa ya ugomvi, kwa sababu shahidi mkuu ndiye aliyezikwa. Mzee aliyebatizwa, akafanya kazi mjini miaka 30 na akazikwa kijijini kwa taratibu za ukoo, kila upande wa familia utampata shahidi wa kumvutia kwake.

Kosa linalogharimu zaidi hutokea mapema, kwenye kufungua shauri. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale tu sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu. Familia ya Kikristo hufika pale kwa sababu ni karibu na gharama ni ndogo. Inapeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, msimamizi anateuliwa, nyumba inauzwa. Miaka kadhaa baadaye mrithi mmoja anakata rufaa kwamba marehemu hakuishi kimila, na mahakama za juu zimewahi kufuta mashauri ya namna hii tangu mwanzo. Aliyenunua nyumba anajikuta ameshika hati yenye mgogoro.

Kenya wamekwenda njia nyingine. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi binafsi, ndoa, talaka na urithi, kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Sharti la pili ndilo lenye uzito. Mjane asiyetaka kesi yake isikilizwe na kadhi anaweza kwenda Mahakama Kuu. Lakini ajue kwamba anabadilisha hakimu tu. Sheria ya Urithi iliondoa mirathi ya Waislamu kwenye mgawanyo wake kwa marekebisho ya 1990, hivyo hata Mahakama Kuu itagawa kwa mafungu ya Kiislamu. Wengi huvuka kutoka mahakama moja kwenda nyingine wakitarajia hesabu mpya, wanapoteza mwaka au zaidi, na thumni inabaki thumni.

Ugiriki ilifundishwa somo hili na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kule Thrace ya magharibi, eneo la kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, Waislamu walikuwa chini ya mufti kwa lazima. Mume mmoja Mwislamu aliandika wasia kwa sheria ya kiraia ya Ugiriki akamwachia mkewe mali yote, na mahakama za nchi zikaubatilisha kwa kuwa alikuwa Mwislamu. Desemba 2018 mahakama hiyo ya Ulaya iliamua kuwa huo ni ubaguzi: huwezi kumfungia mtu ndani ya sheria ya jamii yake wakati yeye mwenyewe amechagua sheria ya wote. Mapema mwaka huohuo Ugiriki ilikuwa imeshabadilisha sheria, mufti akabaki kwa wanaomkubali.

Kwa maoni yetu hapa ndipo sheria ya dini inaposimama au kuanguka. Mfumo wa kadhi unaotegemea ridhaa ya pande zote ni huduma kwa waumini. Usiotegemea ridhaa ni uraia wa daraja la pili kwa yule aliye dhaifu ndani ya familia, ambaye kwa kawaida ni mwanamke.

Ndoa: sheria moja ya 1971 na milango mitano ya 2014

Tanzania Bara ni miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizounganisha sheria ya ndoa mapema. Serikali ilitoa Waraka wake wa mapendekezo mwaka 1969, na Sheria ya Ndoa Na. 5 ikapitishwa 1971. Haikufuta ndoa za dini wala za kimila. Iliziweka zote chini ya paa moja: ndoa ya mke mmoja, na ndoa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa inatolewa siku 21 kabla. Mume akitaka kuongeza mke, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano akionyesha kwamba kipato cha mume hakitoshi na nyumba yake itaingia kwenye dhiki. Zanzibar haimo humo, ina mahakama zake za kadhi, zinazoendeshwa sasa kwa Sheria Na. 9 ya 2017. Muungano mmoja, kwa hiyo, una mifumo miwili, na familia yenye nyumba Unguja na duka Kariakoo inaishi ndani ya yote miwili.

Kenya ilijaribu sheria moja ya ndoa tangu tume ya 1967, miswada ikakwama bungeni mara kadhaa, na hatimaye ikapata Sheria ya Ndoa ya 2014 yenye milango mitano: ndoa ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mtu akitazama kwa mbali atadhani Tanzania imetangulia. Tazama umri. Sheria moja ya Tanzania iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, kwa idhini ya mzazi, na mahakama inaweza kuruhusu hata aliye na miaka 14. Sheria ya Kenya yenye milango mitano inasema 18 kwa kila mlango. Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo ya 1971 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo tarehe 23 Oktoba 2019.

Kwa hiyo anayesema sheria moja itamlinda msichana aulizwe: sheria hiyo moja inasema nini? Maneno yakiwa mabaya, kuyaunganisha ni kuyasambaza kwa wote.

Upande ambao sheria ya 1971 imefanya kazi kubwa ni talaka na mali. Kabla ya kwenda mahakamani mlalamikaji anapeleka shauri Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Waziri anaweza kuteua chombo cha jamii fulani kiwe baraza kwa watu wake, na ndiyo maana mabaraza ya kidini yamo kwenye mfumo. Baraza likishindwa kupatanisha linatoa cheti, Fomu Na. 3. Cheti hicho kiambatanishwe na maombi ya talaka kikiwa hakijazidi miezi 6 tangu kitolewe. Kwa ndoa iliyofungwa Kiislamu, ikiwa baraza limeshindwa na baadaye mmoja wao ametenda jambo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama inachukua kwamba ndoa imevunjika isivyorekebishika na inatoa amri ya talaka. Dini inaamua kama ndoa imevunjika, na sheria ya nchi inasimamia watoto, matunzo na mali. Kati ya mipango yote tunayoilinganisha hapa, huu ndio ulioshonwa vizuri kuliko mingine.

Unaharibika pale hatua inaporukwa. Mume anaandika talaka nyumbani mbele ya mashahidi wawili, mke anakaa edaa, kisha kila mmoja anaendelea na maisha. Mwaka unapita, mke anakwenda kudai mchango wake katika nyumba. Hana cheti cha baraza, au anacho cha miezi tisa. Mgawanyo wa mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 unafuata amri ya mahakama ya kutengana au ya talaka. Bila amri hiyo dai halina pa kusimama, na shauri likiendeshwa bila cheti halali linaweza kufutwa hata likiwa limefika rufani.

Akifuata hatua, ana silaha nzuri. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Lakini kifungu cha 114 kinazungumzia kutengana na talaka. Hakizungumzii kifo. Mwanamke aliyeachwa anaweza kudai jasho lake la miaka 20, na aliyekaa na mumewe mpaka akamzika, mirathi ikiamuliwa kimila, anaambiwa atatunzwa na watoto. Ndivyo inavyokuwa nchi ikiunganisha ndoa na kuiacha mirathi mikononi mwa sheria tatu.

Shauri la wajane wawili, mafundi wa kushona waliofukuzwa majumbani mwao na ndugu wa waume zao, lilionyesha hali hiyo wazi. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikubali kwamba kanuni za kimila zinabagua lakini haikuzifuta. Rufani ikatupwa 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake. Na haikuwa kwamba nchi haikuwa na nyenzo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke umiliki halali wa ardhi haina nguvu.

India: miaka 75 ya kubishana

Mwaka 1950 Katiba ya India iliweka kifungu cha 44, kinachoelekeza dola ijitahidi kupata sheria moja ya kiraia. Ni mwelekeo wa sera, na mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kuutekeleza. Wahindu walitungiwa sheria za ndoa na urithi 1955 na 1956, Waislamu na Wakristo wakabaki na zao, na 1954 ukawekwa mlango wa ndoa ya kiraia kwa yeyote anayetaka. Mlango huo una kizingiti: taarifa ya siku 30 inabandikwa hadharani, na wapenzi wa dini mbili tofauti hujikuta wametangazwa kwa ndugu wanaowapinga.

Shauri la Shah Bano ndilo lililoupa mjadala sura ilionayo hadi leo. Aliachwa akiwa na umri wa miaka 62, Mahakama Kuu ikampa matunzo ya rupia 179.20 kwa mwezi, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba kifungu cha jinai cha matunzo kinawahusu wanawake wa dini zote. Viongozi wengi wa Kiislamu waliliona kama shambulio, na 1986 bunge likapitisha sheria ya kuwaondoa wanawake wa Kiislamu kwenye utaratibu huo. Mwaka 2001 mahakama iliisoma sheria hiyohiyo kwamba mume lazima, ndani ya edaa, atoe cha kumtosha mke kwa siku zijazo. Mwaka 2017 talaka tatu za mpigo zikabatilishwa kwa kura 3 kwa 2. Julai 2024 mahakama ikasema tena kwamba mlango wa matunzo wa sheria ya wote uko wazi kwa mwanamke wa Kiislamu.

Funzo tunaloliona hapo ni kwamba wanawake walipata nafuu hatua kwa hatua, ndani ya sheria zao wenyewe. Mabinti wa Kihindu walipata haki sawa katika mali ya pamoja ya ukoo mwaka 2005. Tume ya Sheria ilisema 2018 kwamba sheria moja haikuwa ya lazima wala ya kutamanika kwa wakati ule, ikashauri kila sheria isafishwe ubaguzi wake.

Jimbo la Uttarakhand lilichukua njia nyingine. Sheria yake moja ilipitishwa Februari 2024 na kuanza kutumika tarehe 27 Januari 2025. Inakataza wake wengi, inasawazisha urithi wa wana na mabinti, na inataka ndoa zisajiliwe ndani ya siku 60. Lakini inawaacha nje watu wa makabila ya asili yanayolindwa na Katiba, na inawalazimisha wanaoishi pamoja bila ndoa wajisajili, wakikawia zaidi ya mwezi wanaweza kufungwa hadi miezi 3. Inapowasamehe jamii moja kwa ajili ya mila zao na kuwalazimisha wengine, Waislamu wana haki ya kuuliza kwa nini mila zao ndizo zilizoonekana kuwa tatizo. Usawa wa urithi ni jambo jema. Kuuleta kwa wingi wa kura wa jamii moja juu ya nyingine kunaupa sura ya ushindi wa kisiasa.

Uturuki ilishaonyesha mwisho wa njia ya amri tupu. Ilichukua sheria ya kiraia ya Uswisi mwaka 1926, vijijini watu wakaendelea kuoana kidini bila usajili, na kuanzia 1933 serikali ikalazimika kupitisha sheria za msamaha mara kwa mara ili watoto wa ndoa hizo wahesabiwe kuwa halali.

Kipi kichaguliwe

Kwa nchi yenye dini nyingi na rejista dhaifu, hatungependekeza sheria moja inayofuta ndoa na mirathi ya dini. Tungependekeza kuunganisha kima cha chini: umri wa 18, ridhaa ya wote wawili, usajili, mchango wa kazi za nyumbani, na ulinzi wa makazi ya mke aliyebaki peke yake, iwe kwa talaka au kwa kifo. Juu ya hapo, muumini apewe sheria yake. Kenya imeanza kujenga hivyo hata ndani ya mahakama ya kadhi: sheria inaagiza mashahidi wote wasikilizwe bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia. Katiba yao inakubali usawa upunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu, ila kwa kiasi kilicho cha lazima kabisa, na Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hilo halitoshi kumnyima urithi mtoto wa baba Mwislamu aliyezaliwa nje ya ndoa. Wanazuoni wengi hawakuridhika, na hoja yao ni nzito: mahakama ya kiraia ikianza kurekebisha mafungu, kadhi anabaki na kazi gani? Sisi tunaona mtoto ndiye pekee katika shauri lile ambaye hakuchagua chochote.

Kinyume chake, sheria ya kimila isiwe sheria ya kuangukia pale marehemu alipokaa kimya. Senegal, katika Sheria ya Familia ya 1972, iliweka urithi wa kiraia kuwa wa kawaida na urithi wa Kiislamu kwa aliyeonyesha waziwazi, kwa maneno au mwenendo, kwamba ndio anaoutaka. Tanzania ingeweza kufanya hivyo bila kugusa imani ya mtu yeyote.

Wakati bunge halijaamua, familia inaweza kujiamulia. Mwenye mali aandike, akiwa mzima na mbele ya mashahidi, sheria anayotaka mali yake igawiwe kwayo. Sentensi hiyo moja huondoa sehemu kubwa ya ugomvi wa hali ya maisha. Mwislamu mwenye mke Mkristo akumbuke kwamba mke huyo harithi kwa mafungu, kwa hiyo amwandikie wasia, usiozidi theluthi ya mali, au ampe hiba (zawadi) na kumkabidhi mali ile kweli akingali hai. Majina ya mke na mume yaandikwe yote mawili kwenye hati ya nyumba. Na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo apeleke orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V ndani ya miezi 4, kisha hesabu za mirathi kwa Fomu Na. VI; aliyeteuliwa na Mahakama Kuu ana miezi 6 ya orodha na mwaka mmoja wa hesabu. Mrithi ambaye hajaona nyaraka hizo muda huo ukipita ana haki ya kwenda mahakamani kuomba msimamizi aitwe aeleze, na uteuzi wake ufutwe ikibidi.